Mpini wa Koki Kuu

Sogeeni, wanangu, na mlango muuache wazi, nataka niusikie ua wangu ninapoongea. Wewe wa kwanza kaa kwenye kiti cha baba yenu, najua umekitamani tangu alipotutoka. Wewe wa kati kaa hapo miguuni, na uache kunishika paji la uso kila dakika kana kwamba mimi ni mtoto anayeota meno. Na wewe wa mwisho, Kelele wangu, ingia ndani uache kuegemea mlango. Nimekusikia umeuliza kitu pale ngazini, nikamsikia na kaka yako akikukata kauli, "Acha hizo, mama anaumwa, si wakati wake." Swali lako nimelichukua, nimeliweka chini ya mto, tutalifikia. Daktari ameniambia nisiongee, nami nimemshukuru, nimemwambia dada wa kaunta ampe chai, akanywa, akaenda zake. Sasa zamu ni yangu. Mimi nimekula chumvi nyingi kuliko yeye, na kama pumzi zilizobaki ni chache, nitazitumia nipendavyo.

Nyumba hii sakafu yake ni ya mbao, na mnachonong'ona kule chini kwenye kaunta, mimi huku juu kitandani nakisikia kama mmenikalia sikioni. Kwa hiyo msihangaike kunificha. Najua wenye mahoteli wamekuja na suti zao, wametembea uani kwangu wakikunja suruali zisilowe, na wametaka tuwafulie shuka zao zote, foronya zao zote, taulo zao zote, mwaka baada ya mwaka. Najua sharti lao: mapipa yang'olewe, masinki ya saruji yavunjwe, ua usakafiwe uwekwe mashine kubwa zisizojua maji mengine ila ya bomba, na wateja wadogo, yule mwalimu mwenye mashati yake mawili na yule mama wa mapacha, waambiwe watafute pengine. Na nimekusikia wewe wa kwanza ukisema, "Mama tusimsumbue na hili." Mwanangu, hili ndilo linalonisumbua. Moyo na mapafu yanauma tu, hayo ni ya daktari.

Wala msinifanye mshamba anayeogopa mashine. Mashine ya kwanza ya kufulia mtaa huu niliileta mimi, mjomba wenu akacheka akasema dada kaolewa na chuma. Sigombani na mashine, sigombani na hoteli. Ninachogombana nacho ni ule usingizi niliouona machoni mwenu mliposema bwawa jipya limejaa, kama vile bwawa ni ndugu yenu wa damu na limewaapia. Mimi nimeliona lile la zamani likiwa tope lililopasuka, ng'ombe wanalivuka kwa miguu mikavu. Nyie wawili mlikuwa wadogo, Kelele alikuwa tumboni, na hadithi hii mmesikia vipande vipande. Leo isikieni yote, kwa sababu sitairudia.

Mtaa huu ulikuwa wa madobi watupu, na sote tulikula kwa mkono wa kiwanda kimoja, kile cha nyuzi. Ovaroli zao ndizo zilizotulisha. Zilikuja na grisi, zikaenda zimepigwa pasi, na sisi tukadhani dunia imeumbwa hivyo. Mvua ikakosa msimu mmoja, tukasema itakuja. Ikakosa wa pili, maji ya bomba yakaja na rangi ya chai. Wa tatu bomba likaanza kukohoa. Kiwanda nacho kilikuwa kinakunywa maji ya bwawa lile lile, na nje huko bei ya nyuzi ilikuwa imeporomoka, basi asubuhi moja wafanyakazi walikuta geti limefungwa mnyororo. Walikuja moja kwa moja kwetu, wamezitupia ovaroli begani, wamesimama hapo kaunta wakiangaliana, kwa sababu hata wao hawakujua wanazileta zifuliwe kwa ajili ya kazi gani. Maji hayakuwepo na kazi haikuwepo, na vyote viliondoka siku zile zile.

Sasa mjomba wenu. Msinikonyezeane, nitamtaja. Kaka yangu alikuwa na dobi kubwa kuliko zote mtaani, hapo jirani, palipo na duka la matairi sasa. Mtaa ulimbandika jina la Bwana Kesho, kwa sababu kila aliyemuuliza alijibiwa, "Tulieni, maji yatarudi kesho, na kiwanda kitafungua keshokutwa, mimi nina habari za ndani." Aliwakalisha wafanyakazi wake kwenye mabenchi wakisubiri, akawapa maneno matamu asubuhi na jioni, na wao wakamwamini kwa sababu alivaa vizuri na hakuwahi kuonekana ana wasiwasi. Walisubiri hadi wakauza meza, wakauza vitanda, wakaanza kuuza nguo za watoto. Hilo ndilo ninalomshikia. Kukosea kila mtu hukosea. Lakini yeye alijua, wanangu, mkewe aliniambia kwamba nyumbani alikuwa halali kwa hofu, na bado asubuhi anatoka anawatuliza watu ili asionekane ameshindwa. Amekufa sijamsamehe, na mimi nakufa sijamsamehe, na msije mkasimama mbele za watu mkasema mama alikuwa na moyo safi. Ila watoto wake ni binamu zenu. Wakija kuomba kazi, wapeni.

Mimi siku ile bomba lilipokohoa mara ya mwisho, niliwaita wote uani, waliofua, waliopiga pasi, aliyekaa kaunta, hadi mzee wa boila. Nikawaambia ukweli wote, na ule wa aibu pia: kazi ya kiwanda imekufa, maji hayapo, na mimi mwenye dobi sijui la kufanya. Baba yenu alinikanyaga mguu ninyamaze, akiona nawavunja watu moyo. Nikautoa mguu wangu nikaendelea. Nikawaambia, hakuna atakayefukuzwa leo wala kesho, tutagawana kazi iliyopo hata kama ni ya nusu siku nusu siku, lakini kila mmoja afungue mdomo, maana aliyenyamaza sasa atatugharimu sote.

Basi mngesikia kelele zilizofuata! Yalisemwa ya kijinga na ya maana yakiwa yamechanganyika, na mpaka leo ukiniuliza wazo lilikuwa la nani siwezi kukujibu, kwa sababu lilitoka vinywani mwa watu wengi kwa vipande. Mmoja alilalamika tu kwamba roho inamuuma kumwaga maji ya kusuuzia, mbona bado yanaonekana masafi. Mwingine akasema basi yamwagie ovaroli, ovaroli haina maringo. Yule binti aliyekuwa mgeni kazini, Chapuchapu, ambaye sasa ndiye msimamizi wenu na mnamwamkia kwa heshima, akasema kuyabeba yale maji kutoka sinki hadi sinki kutavunja watu migongo, heri yashuke yenyewe. Na baba yenu, ambaye alikuwa amenuna kwa sababu ya ule mguu, akaenda akachukua nyundo na mwiko bila kumuaga mtu.

Ndivyo ngazi ya maji ilivyozaliwa. Mmekua mkiichezea, hamkuwahi kuitazama. Mapipa yamepandishwa kwenye vidato vya matofali, la juu liko ukutani, la chini liko kwenye mfereji. Pipa la juu lina maji safi, na hayo yanasuuza nguo nyeupe mara ya mwisho. Hayamwagwi, yanashuka pipa la pili yakafue hizo hizo nyeupe, yanashuka la tatu yakafue za rangi, yanashuka yakutane na ovaroli na magunia, na mwisho kabisa yanaosha sakafu na choo. Nguo chafu inakutana na maji yaliyochoka, nguo safi inakutana na maji mapya. Maji yaliyokuwa yanafua shati moja yakaanza kufua nyumba nzima.

Mnacheka? Chekeni, lakini hamjafika panapochekesha. Siku ya kwanza ya ngazi baba yenu aliiharibu. Mnajua alivyopenda buluu yake, kile kidonge kwenye kitambaa, anachovya kwenye maji ya mwisho, nguo nyeupe inatoka inameta. Amefanya hivyo tangu ujana, na zamani haikuwa na madhara, maana maji ya mwisho yalikuwa yanakwenda kwenye mfereji. Sasa maji ya mwisho ndiyo yamekuwa ya kwanza, yako juu ya ngazi, na mkono wake haukuwa na habari. Akachovya. Akapiga na mluzi. Buluu ikashuka kidato hadi kidato, na kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umekolea: mashati ya manjano yakawa na rangi ya majani, mapazia ya kinyozi yakawa kijani, magauni ya waridi yakawa na rangi ya mtu aliyepigwa, na paka wa jirani aliyezoea kulowesha miguu kwenye pipa la chini akapita barabarani amevaa soksi.

Aliyeona wa kwanza alikuwa Chapuchapu. Mgeni kazini, mdogo kuliko wote, na mwenye dobi ndiye aliyekosea. Akapaza sauti ua mzima ukasikia, "Mzee, huo mkono wako unatuua!" Wote wakaacha kazi. Mimi nilimtazama baba yenu, kwa sababu nilijua dobi hii itaishi au itakufa kwa kile atakachofanya na uso wake pale. Akautazama mkono wake wa buluu. Akautazama mstari wa mapipa. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka hadi machozi, akasema, "Nimefua miaka yote hii, leo ndiyo nimeanza kujifunza kazi." Kisha akajikaza kisabuni, akabeba zile nguo mwenyewe nyumba hadi nyumba, akawaambia watu kilichotokea kabla hawajauliza. Wapo waliomtukana. Kinyozi alibaki na mapazia yake ya kijani, akasema yanampendeza kuliko yale ya zamani, na nadhani alisema hivyo kwa huruma tu.

Hapo ndipo nilipopata sheria zangu mbili ambazo nyie mnaziita vituko vya mama. Anayeona kosa apige kelele, awe nani, na asiulizwe ana cheo gani. Na mkono usiachwe ulale. Kwa sababu hiyo, maji yaliporudi, bomba likatiririka na watu wakarudi kufurahi, mimi niliung'oa mpini wa koki kuu nikautia chumbani kwangu, na kila msimu, siku nisiyomwambia mtu, naifunga koki. Mnaikumbuka Siku ya Koki, mlikuwa mnaichukia. Maji hakuna hadi jioni, mashine zinazimwa, mpiga pasi anahamia kwenye sabuni, wa sabuni anakwenda kaunta, wa kaunta anapanda kwenye mapipa, na mteja harudishwi hata mmoja. Wageni waliona nimerukwa na akili, nafunga maji na ninayo. Lakini mkono wa mtu, wanangu, hausikii hotuba. Unataka kushikishwa.

Nipeni maji kidogo. Hayo ya kwenye jagi yatosha kwa sasa. Asante.

Nilisema nini? Ndiyo, wale wa kiwanda. Hawakuwa na kitu cha kutulipa, na mimi sikuwa na kazi ya kuwapa, lakini tulikuwa na ua. Nikasema, anayekuja na ndoo ya maji, popote alipoyapata, atafua zake, na yanayobaki ataacha kwenye pipa. Wakaja. Wakaanza kuja na vitu vingine walivyonavyo, na walivyonavyo vilikuwa vichwani mwao. Yule fundi mitambo wao tuliyempa jina la Spana alisimama hapo uani siku nzima amekunja mikono, nikidhani anatucheka, kumbe anasoma mapipa. Jioni akasema, "Mama, maji yako yanashuka vizuri. Nani anayapandisha?" Ndiye aliyetengeneza chujio la mchanga na mkaa, na pampu ya mkono kwa vyuma vya baiskeli, maji ya chini yakaanza kupanda tena. Mwoka mikate wa pembeni akatupa moto wa tanuri lake wa kuchemshia, sisi tukamfulia magunia yake. Geti la ua halikufungwa. Madobi wengine walikuja wakaangalia, wakapima vidato kwa miguu, wakaenda kujenga vyao, na baba yenu akaenda kuwasaidia kupiga matofali. Watu waliniambia nawapa maadui siri. Siri gani? Wangekufa wale, mtaa ungebaki na mimi peke yangu na mapipa yangu, na nani angekuja kufua katika mtaa wa maiti?

Mabadiliko yale hayakuchukua miaka. Mwezi ulipogeuka mtaa wote ulikuwa na ngazi, ila nyumba moja, na mnaijua ni ya nani. Nawaambia hili kwa sababu nasikia siku hizi wakubwa wanakaa kwenye mikutano wanaulizana watu wanawezaje kugeuka haraka mambo yakiharibika. Sisi hatukuwa na akili kuliko wengine. Tuliambiana ukweli mapema, tuligawana njaa badala ya kuwaachia wachache, na kila mmoja aliijua kazi ya mwenzake. Bwana Kesho alikuwa na mashine nzuri kuliko zetu.

Sasa nakugeukia wewe wa kwanza, na unitazame. Najua kwa nini unayachukia yale mapipa. Si ubahili wala tamaa, wanaosema hivyo hawakujui. Ulikuwa mtoto, ukabeba ndoo kutoka kule kwenye kisima cha shule hadi bega likachubuka, na shati likagandia kidonda, nikakutolea kwa maji ya uvuguvugu na ulikuwa unauma meno usilie. Bega lile linakumbuka. Unataka wanao wasibebe. Mwanangu, nakupenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema, na hata jana uliposema nami vibaya nilikuwa nakupenda. Lakini ukivunja ule ua hutawaondolea ndoo. Utawaondolea ujuzi wa kuibeba, na siku ikija watakaa kwenye benchi wasubiri kesho. Umekitoa kiwanda ukaiweka hoteli, jina tu ndilo limebadilika. Watalii nao wana mwaka wa kuja na mwaka wa kutokuja.

Wewe wa kati, muuguzi wangu. Unapatanisha kila mtu, unampaka huyu mafuta kwa mgongo wa chupa na yule pia, na mwisho wa siku unalia jikoni peke yako. Acha. Siku kaka yako atakapokosea mwambie amekosea, na siku mdogo wako atakapopiga kelele za bure mwambie ni za bure. Umekesha na wagonjwa wa watu, huogopi damu, utaogopaje maneno?

Basi sikilizeni nilivyogawa. Nyumba hii ya juu, vyumba vyake, kitanda hiki na kabati la baba yenu, ni vya wa kati, na wengine mtakuja kama wageni mnaopendwa. Dobi ya chini, kaunta, boila na mashine zote ni za wa kwanza. Wenye mahoteli waitikie ukitaka, sikukatazi, saini mkataba wako. Lakini nakuachia sheria hii na nakuapisha kwayo: mteja mmoja, awe mfalme, asijaze zaidi ya nusu ya kamba za kuanikia. Nusu ibaki ya wadogo. Wakikataa wenye mahoteli, waache waende wakatafute anayejiuza mzima mzima.

Ua, na mapipa, na geti lake, na... ngoja. Ngojeni nipumue. Acha, wa kati, usiniinue, niko sawa. Sijafika.

Kelele. Lile swali lako la ngazini. Lirudie, sema kwa sauti wasikie.

Ndiyo. "Mbona mashine zimenyamaza leo?" Ndivyo ulivyouliza, na ukaambiwa si wakati wake.

Wa kwanza, ulipoingia ulinawa kwa kata kwenye beseni pale mlangoni, ukajifuta, hukujiuliza. Wa kati, umenichemshia maji ya jagi tangu asubuhi, hukujiuliza bomba la jikoni limepatwa na nini. Mmekaa hapa na mimi muda wote huu, wenye dobi, warithi, na hamkusikia kwamba ngurumo ya mashine haipo. Mimi mgonjwa nimeisikia haipo. Koki kuu imefungwa tangu alfajiri. Nilimwita Spana, nikampa mpini, akaifunga, akanirudishia. Uko hapa chini ya mto, pamoja na swali lako. Ushike. Baridi, eh? Chuma hicho.

Sasa nyamazeni msikilize uani. Hiyo... hiyo chwaaa, ni pipa la pili linaingia la tatu. Huo mlio wa kukwaruza ni pampu, ipakwe mafuta, nimesema tangu juzi. Huyo anayecheka ni Chapuchapu, kuna mtu kalowa. Shuka zinapigwa kwenye saruji, mnasikia? Hajarudishwa mteja. Wa kwanza, usitazame chini, hujafanya kosa, umesahau tu, na ndiyo maana tuna siku hii. Wafanyakazi hawakuja kukuuliza wewe, wala hawakuja kuniuliza mimi. Wameona maji hakuna, wamepanda kwenye mapipa. Hilo ndilo nililotaka kulisikia kabla sijaenda. Nimelisikia. Sasa kifo kije kikitaka, kitanikuta nimeshinda.

Ua na mapipa ni vyako, Kelele. Na huo mpini. Hutamwambia mtu siku. Hata kaka yako. Hata akikubembeleza, hata akinuna. Na wewe wa kwanza utamlinda mdogo wako siku watu watakapomwita kichaa, kama... kama baba yenu alivyonilinda mimi. Alinikanyaga mguu mara moja tu. Ile ya siku ile.

Nikifa, dobi isifungwe. Fanyeni kilio chenu, lieni, mimi nataka mlie, nisipoliliwa nitawasumbua. Lakini kaunta iwe wazi. Shuka hizi nilizolalia zifuliwe kwenye mapipa, zianzie pale zinapostahili, zipande hadi juu. Na buluu kidogo... kidogo tu, ya baba yenu. Kwenye beseni la pembeni. La pembeni, jamani! Si kwenye pipa.

Leteni mikono. Yote mitatu. Mungu awape macho ya kuona mapema. Awape ndimi zisizoogopana. Msikose mtu wa kuwapigia kelele, na mkimpata msimfukuze. Mikono yenu isilale... Muwe na kazi, muwe na maji, na yasipokuwepo... muwe na nyie.

Kiu imenishika. Hapana, si ya jagi. Kelele, shuka ukanichotee... ya pipa la juu.

Na mpini, mwanangu... nenda nao tu mkononi. Usifungue bado. Jioni haijafika.